Mvuje Kwenye Maharage

Chanika, Handeni
Alasiri, kesho unaondoka

Rukia mwanangu,

Umeenda kunyolewa. Nimekuangalia mpaka ulipokata kona ya mashine ya kusaga, mkono mmoja kichwani, umezishika nywele zako kama mtu anayeogopa zitaruka na upepo kabla hajafika kwa kinyozi. Ukirudi utakuwa na kichwa cha mwanafunzi wa bweni, nami itabidi nicheke ili wewe usilie. Basi ngoja niandike sasa. Banda nimeshafunga, masufuria nimeyaloweka, na miguu nimeinyoosha juu ya ndoo yako mpya. Usinune, nitaifuta.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala kufuli la tranka, wala kuamka mapema. Hayo nimeyasema mpaka umekuwa unaniitikia "ndiyo mama" kabla sijafika mwisho wa sentensi. Ninakuandikia kwa sababu jana uliniuliza swali nikakujibu vibaya.

Ulikuwa unachambua maharage ya leo, umeinamia ungo. Ukasema, bila kuinua uso, "Mama, likizo nikishuka Mkumbara kwa Bibi kwanza, itakuwa vibaya?"

Nami nikasema, "Chambua hayo maharage vizuri, mawe yamejaa."

Hayakuwa na mawe. Nimeyapika leo na hakuna mteja hata mmoja aliyelalamikia jino.

Shule yako iko upande wa Same, na barabara ni hiyo hiyo moja. Ukiwa unarudi, basi litapita Mkumbara mapema, kisha Mombo na Makuyuni, ndipo lifike Korogwe, na pale Korogwe utafute gari la kuja Handeni. Kwa hiyo kila likizo utapita mlangoni kwa Bibi yako ukiwa umechoka na una njaa, na nyumbani kwa mama yako bado ni mbali. Najua ni habari ya barabara tu. Lakini mimi nilisikia kitu kingine. Nilisikia unaniuliza nyumbani kwenu ni wapi, na sikuwa na uhakika na jibu langu.

Nilikuzaa nikiwa msichana, nimemaliza la saba juzi tu. Baba yako ana familia yake Makuyuni, sina neno naye. Ulipoanza kutembea nilikuacha Mkumbara kwa Bibi yako, yaani kwa mama yangu mimi, nikaenda Korogwe kufanya kazi za ndani. Hayo unayajua. Ambalo hulijui ni jinsi nilivyokaa kule, na kwa nini nilirudi na tabia hii ya kuchungulia kila kinachoingia mdomoni mwako.

Nilimpikia bibi mmoja wa Kihindi, mama wa mwenye duka la vitambaa. Nyumba nzima walimwita Ba, ndiyo kusema mama kwa lugha yao, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa mwembamba, anatembea kwa kuushika ukuta, lakini pua yake ilikuwa jikoni hata yeye akiwa chumbani. Siku ya kwanza nilimwandalia wali, dengu, bakuli la mtindi, embe lililokatwa na glasi ya maziwa, vyote mezani kwa pamoja. Nilidhani ndiyo heshima yenyewe. Ba akaitazama ile meza kama mtu aliyekuta ugomvi.

"Hawa wote iko adui," akasema. "Wewe naweka adui chumba moja, halafu naambia lala salama?"

Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, lakini hakikuwahi kunipotea. Akachukua ile glasi ya maziwa, akakamulia ndimu. Tukasimama tunaangalia. Maziwa yakakatika, yakawa mabonge na maji.

"Tumboni pia hivi. Nani atabeba hii? Wewe utabeba?"

Alisema tumbo ni jiko. Ukilitia kuni chache, kavu, moto unashika. Ukisukumia mbichi na kavu, nene na nyembamba, zote kwa pupa, unapata moshi, na moshi wa tumbo ndio huo upepo, kiungulia na kujaa. Nimepikia mafiga tangu utoto, Rukia, sikuhitaji kuelezwa zaidi. Elimu hiyo waliiita Ayurveda. Ni ya kwao tangu zamani, na yeye aliipata kwa mama mkwe wake, si darasani. Maziwa alinywa yakiwa ya moto, peke yake, na iliki au tangawizi. Hakuyaweka na chumvi wala na tunda chachu, na hata ndizi hakutaka ikae nayo. Tikiti lilipewa nafasi yake, halikufuata chakula. Mtindi ulikuwa wa mchana. Asali haikuwekwa motoni. Kabla ya kula alitafuna kipande chembamba cha tangawizi chenye chumvi na tone la ndimu. "Mimi hapana kula samaki," aliniambia, "lakini wewe nakula, kwa hiyo sikia. Samaki na maziwa, hapana. Hata kama mtu nalia." Na kwenye kila kinachojaza upepo, maharage, dengu, kunde, alikaangiza bizari nyembamba kwenye samli na punje ndogo sana ya mvuje, ile gundi kavu inayonuka, kisha akamwagia juu. Jikoni palinuka kama kwa mganga, halafu dakika ile ile harufu ikageuka ikawa ya chakula.

Mimi nilishika haraka. Shuleni sikuwa wa mbele, lakini kwa Ba sikuambiwa jambo mara mbili. Nilikuwa na sababu. Kila nilichofundishwa nilikiweka upande wako. Nilikuwa nakoroga wali wa choroko wa mama wa watu, laini kabisa, nikikadiria kijiko gani kingeenea kwenye mdomo wako. Nilikuwa napuliza maziwa yapoe wakati Ba aliyataka ya moto. Siku moja alinikuta napuliza, akaniuliza, "Nani nakunywa hii, mimi au mtoto yako?" Nikaona haya. Hakunikasirikia. Aliniambia niyapashe tena.

Kila nilipopewa ruhusa nilipanda gari kuja Mkumbara, na mfuko wangu wa tangawizi. Mara ya kwanza ulinijua. Mara ya pili ulinijua baada ya kufikiri. Baadaye ikaja safari moja ukajificha nyuma ya kanga ya Bibi, ukamuuliza kwa sauti ya chini ambayo nyumba nzima ilisikia, "Bibi, huyu mgeni analala hapa?"

Bibi akasema, "Mgeni gani? Huyu ni mama yako, mwamkie." Ukaja, ukaniamkia vizuri kabisa, shikamoo, mkono wa kulia, kama unavyomwamkia mwalimu. Nililala pale usiku mmoja nikarudi Korogwe kumpikia Ba.

Na kwa Bibi mlikula vipi? Unapakumbuka kuliko mimi. Sinia lile kubwa lililobonyea upande mmoja, ugali katikati, dagaa, mlenda, mtindi umemiminwa pembeni, na embe za msimu zimewekwa hapo hapo ukingoni ili kila mtoto ajimegee katikati ya tonge. Bibi akiita neno moja tu, "Mikono!", nanyi mkaja na binamu zako kutoka kila upande, mnasukumana. Nyie mliona karamu. Mimi niliona ile glasi ya Ba yenye mabonge.

Ulipokuwa karibu na miaka saba nilikuja nikakukuta tumbo limekazana kama ngoma. Umelala kwenye mkeka huchezi. Bibi akasema ni zongo, tumbo la jicho la watu, kuna mtu alikutazama vibaya wakati unakula. Mimi nikasema, "Mama, hakuna jicho hapa. Amekula nini?"

"Amekula chakula."

"Kipi na kipi?"

"Kipi na kipi! Ugali, dagaa, mtindi, embe. Unataka nikutajie na chumvi?"

Nikaenda nikaleta maziwa kwenye kikombe, nikakamulia ndimu mbele yake, kama Ba alivyonifanyia mimi. Nikamwonyesha yalivyokatika. "Unaona? Hivi ndivyo vilivyo tumboni mwa mtoto."

Bibi akakichukua kikombe, akakigeuza geuza, akakinywa chote. Akajifuta mdomo. "Huo ni mtindi wa haraka tu," akasema. "Ungeutia sukari kidogo."

Leo nikikumbuka nacheka. Siku ile sikucheka. Nikasema nitakupikia mwenyewe maharage mepesi, yenye dawa ya upepo, na nilipofungua mfuko wangu nikakuta mvuje nimeusahau Korogwe. Na wewe ulikuwa umefungwa mvuje mkononi. Bibi aliufunga tangu uko mchanga, kwenye kitambaa cheusi, kukukinga na wabaya. Sikumuuliza mtu. Nikakifungua kile kitambaa mkononi mwako, nikamega punje, nikaikaanga kwenye mafuta, nikaimwaga kwenye maharage.

Harufu ndiyo iliyomleta. Alisimama mlangoni mwa jiko akanusa, akauangalia mkono wako, akaiangalia sufuria.

"Umepika kinga ya mtoto?"

"Mama, kwa wenzetu ni kiungo cha..."

"Nimekuuliza. Umepika kinga ya mtoto, ukamlisha?"

"Ndiyo."

"Korogwe wamekufundisha kupika," akasema. "Kuuliza hawakukufundisha."

Hapo ningenyamaza, yote yangeishia hapo. Lakini nilikuwa nimechoka na safari, nilikuwa na wivu ambao sikuujua jina, nikamwambia, "Na wewe umemlea mpaka amevimba."

Bibi yako alichukua jembe akaenda shambani, jua kali, saa ambayo hakuna mtu anayekwenda shambani.

Kesho yake nilikupeleka dispensari. Nesi akakupapasa, akauliza maswali mawili matatu, akasema una minyoo, akatupa dawa. Baada ya siku chache tumbo likalegea ukaanza kukimbia. Mpaka leo sijui kilichokusaidia. Bibi anasema alikusomea na kukupaka mafuta yake. Mimi nilijisifia maharage. Nesi hakujisifia kitu, alishaita mtoto mwingine. Nafikiri tungewekewa dau, dawa ya minyoo ingetushinda sote wawili.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaamua. Ba alikuwa amehamia Dar kwa mwanawe mwingine, kazi imekwisha, dada mmoja akanionyesha nafasi ya banda hapa Chanika. Nikakuchukua. Bibi alikufungia nguo zako kwenye kanga yake, akakusindikiza mpaka barabarani, na mkononi hakukufunga tena kitu.

Tangu siku ile nikienda Mkumbara na wewe napeleka sukari, napeleka unga, nakaa, nacheka na ndugu. Sinia likitengwa nasema, "Nimeshiba." Naye hujibu, "Haya, mwenye kushiba," anaita "Mikono!", nanyi mnakula. Umeona mara ngapi? Ulidhani mama yako hana njaa?

Nimekatishwa kidogo. Athumani wa bodaboda amekuja kugonga.

"Mama Rukia, hata chai?"

"Nimefunga, Athumani."

"Nasikia kuna samaki wamebaki."

"Wapo wawili. Chukua hao kwenye hotipoti."

"Na kikombe cha maziwa cha kushushia."

"Maziwa na samaki hupati hapa, unajua."

"Mama Rukia, banda hili au hospitali? Mwambie Rukia huko anakokwenda akasome udaktari, aje atuandikie cheti cha kunywa maziwa!"

Ameondoka na samaki, anatafuna na kupiga honi. Amesema nikupe hongera. Mafuta ya samaki wake yamedondokea karatasi, ndiyo hiyo alama hapo juu.

Wanadhani nawatania. Wanarudi kila siku kwa sababu maharage yangu hayawajazi upepo wakiwa juu ya pikipiki, hawataki kukubali tu. Kwa hiyo sikuambii kwamba Ba alikosea. Mengi aliyonifundisha nimeyaona kwa macho yangu, kwa tumbo langu na kwa lako. Ila kulikuwa na nusu ya mafundisho yake sikuishika, nayo ndiyo ningependa uende nayo.

Ba alikuwa hagusi sahani kabla hajaweka kiganja tumboni. Anajiuliza mwenyewe, kwa sauti, "Njaa iko?" Ikiwa haipo, anasukuma sahani, anangoja. "Kwanza njaa," alikuwa akisema. "Njaa hapana, hata chakula safi iko mzigo." Na hakuniruhusu kula nimesimama. "Kaa. Wewe nakula kama mwizi." Siku moja nilipigiwa simu kwamba una homa. Nikawa nabugia wali jikoni haraka haraka ili niwahi kumaliza kazi. Ba akaja akiushika ukuta wake, akaniondolea sahani mkononi. "Leo iko machozi," akasema. "Machozi na chakula hapana changanya. Kwenda kwa mtoto, rudi kesho, halafu kula."

Nilimkasirikia. Nilikuwa na njaa kweli. Maziwa na ndimu niliona kwenye glasi, lakini hili la machozi hakuna glasi ya kulionyesha, basi nikalihesabu kuwa maneno ya uzee. Nikachukua makatazo yote nikayaleta nyumbani, nikaacha kule kule habari ya kukaa, kutulia, na nani umekaa naye.

Ndipo ukapata sahani yako. Ile ya bluu yenye mfuniko. Hata watoto wa jirani wakila kwetu, sinia lao huku, sahani yako kule. Niliipanga vizuri: wali wa choroko, mchicha, tunda limetangulia mapema, maji ya uvuguvugu. Kila kitu kwenye ile sahani kilipatana na mwenzake. Wewe tu ndiye usiyekuwa na mwenzako.

Halafu ikaja harusi ya jirani mwaka jana. Masinia ya pilau yametandazwa, kachumbari, ndizi mbivu, juisi ya ukwaju. Nami nimekuja na sahani ya bluu mkononi. Wasichana wenzio wakasogea, "Rukia, njoo, nafasi ipo." Ukaniangalia mimi. Nikajibu kwa niaba yako, "Huyu ana tumbo."

Yule mrefu mwenye pengo akasema, "Kila mtu ana tumbo, mama Rukia."

Wakacheka. Na wewe ulitaka kucheka ukajizuia. Nikaitwa nyuma kusaidia kupakua. Niliporudi, sahani ilikuwa kwenye kigoda, mfuniko wake haujaguswa, na wewe mkono umezama kwenye pilau mpaka kwenye kifundo, unamnyang'anya yule mwenye pengo mfupa, punje ya wali kidevuni, unacheka. Rukia, sauti ile ya kicheko sikuwahi kuisikia ndani ya nyumba yangu. Niliwahi kuisikia Mkumbara, nikiwa nje ya mlango.

Nikabeba sahani yangu. Nyumbani nikakuvizia mpaka Magharibi.

"Tumbo vipi?"

"Zima."

"Halisokoti?"

"Mama, halisokoti."

"Kiungulia?"

"Mama!"

Halikuuma. Na nilipokuwa nimekaa pale kibarazani nikajikuta nasubiri liume. Sikuwa nakuombea mabaya, Mungu anajua. Ila nilijua likiuma utarudi kwenye sahani yangu. Nilikukosa miaka yote ile, na nilipokupata sikuwa na kitu kingine cha kukupa. Bibi alikuwa na jino lako la kwanza, homa zako, majina uliyowapa kuku. Mimi nilikuwa na tangawizi.

Kwa hiyo nisikilize, na hapa sikubembelezi. Huko utakula ugali na maharage, na kesho yake maharage na ugali, kwenye foleni, na hakuna wa kukukaangia bizari. Unayajua ya kutosha: maziwa ukiyapata yape nafasi yake, tunda litangulize, usijaze tumbo mpaka shingoni, tafuna. Lakini usiwe yule msichana anayekaa pembeni ananusa sahani za wenzake. Rafiki akikumegea chungwa lake katikati ya maharage, lipokee, ulile, useme asante. Ukiwa na hasira toka nje, nawa uso, tulia. Kisha rudi mezani. Lazima urudi. Na tumbo likikuuma kweli, la kukunja, usijitibu kwa tangawizi na usilifiche ili nisipate wasiwasi. Mwambie matroni siku hiyo hiyo akupeleke kwa nesi. Tangawizi ni ya upepo, si ya kila kitu, nami hilo nililipia kwa maneno niliyomwambia mama yangu.

Chini ya tranka, kwenye kona, utakuta kitambaa cheusi kimefungwa fundo. Ni mvuje. Ukipata jiko siku moja, punje yake inatosha sufuria zima. Ukitaka kuufunga mkononi, ufunge, ukikatazwa uuache mfukoni. Sitakuuliza uliutumia kwa lipi.

Sasa swali lako. Kesho nitakusindikiza mpaka stendi ya Korogwe, nikukabidhi kwa mama wa mwenzako anayewafikisha. Barua hii nitakupa hapo, usiifungue mbele yangu, ila uwe umeimaliza kabla ya Mombo. Shule zikifungwa, mwambie kondakta mapema kwamba unashuka Mkumbara, maana huwa wanapitiliza. Shuka kwa Bibi. Haitakuwa vibaya. Kaa, cheka, kula embe katikati ya tonge. Sitakungoja Handeni nikihesabu magari. Nitafunga banda, hao wa bodaboda wakatafute maziwa na samaki mahali pengine, na utakaposhuka utanikuta nimetangulia.

Nitakukumbuka vipi kabla ya hapo sijui. Leo asubuhi nimeosha sahani ya bluu nikaiweka juu ya kabati, halafu nikaishusha, halafu nikaiweka tena. Nimezoea mkono wangu kwenda kule. Nadhani kwa wiki kadhaa nitakuwa napika choroko nyingi kuliko za nyumba yenye mtu mmoja.

Nasikia ndala zako. Unamwambia Athumani asikutazame kichwa. Umeanza kucheka mwenyewe, kumbe sikuhitajika.

Kwa haraka basi. Bibi amenipigia simu, kesho basi likisimama kupakia abiria Mkumbara atakuwa barabarani na mfuko wa embe. Halikai pale. Atakapokunyooshea mfuko dirishani, mwambie hili kabla dereva hajaondoa gari: mama anakuja likizo, na anakuja na njaa.

Mama yako